Mama anakuja Julai, nataka kumpeleka Mfereji wa Erie: boti, baiskeli au vyote? Naombeni ushauri

binti_wa_pangani

Habari zenu wapendwa, wakubwa shikamooni. Naomba ushauri kwa mnaoishi au mliowahi kuzunguka New York ya juu, sio jijini, namaanisha kule Buffalo, Rochester, Syracuse. Mimi nipo Columbus, Ohio, na mama yangu anakuja Julai kutoka Pangani, ni mara yake ya kwanza kupanda ndege. Kila mtu ananiambia mpeleke New York City akaone maghorofa ila mama mwenyewe kwenye simu kasema "maghorofa nitayaona kwenye tivii, wewe nipeleke penye maji". Babu alikuwa nahodha wa jahazi, na mama amekua akivuka na pantoni kwenda Bweni, kwahiyo nilimuelewa.

Sasa dada mmoja kazini kanionyesha picha za Mfereji wa Erie, boti ipo ndani ya kitu kama kisima kirefu cha zege halafu maji yanaingia nayo inapanda mpaka juu. Tangu siku hiyo nataka mama aione kwa macho yake.

Hali yetu iko hivi: tuko watano, mimi, mume wangu, mama ana miaka 67 na magoti yanamsumbua, mtoto wa kwanza ana 13 na wa pili 9. Tuna siku nne tu maana ndio likizo aliyopata mume wangu. Watoto wanataka baiskeli, mama anataka boti, na mume anauliza kwanini tuendeshe gari zaidi ya masaa matano kwenda kuangalia mtaro. Nimeona kwenye ramani una maili zaidi ya 300, sasa nianzie wapi? Tukodi boti tuendeshe wenyewe au tupande ya watalii? Na Niagara tuiache? Naombeni mawazo, hata makali nitayapokea.

kibo_rochester

Dada karibu sana, nipo Rochester mwaka wa tisa huu na kila samaa napiga baiskeli kwenye huo mfereji kwahiyo hapa umefika penyewe.

Kwanza mwambie shemeji hata walipoanza kuuchimba, Julai 4, 1817 pale Rome, wapinzani wa gavana DeWitt Clinton waliuita hivyo hivyo, mtaro wa Clinton. Miaka minane baadae, 1825, ukakamilika, maili 363 kutoka Buffalo mpaka Albany, futi 40 upana na futi 4 tu kina, umechimbwa kwa majembe, baruti na wanyama. Kabla yake kusafirisha tani moja ya mzigo Buffalo mpaka New York ilikuwa kama dola 100, baada ya mfereji ikashuka chini ya dola 10. Jiji la New York lilivyo leo, sehemu kubwa ni kwa sababu ya huo mtaro.

Sasa ushauri. Usijaribu kuumaliza, siku nne hazitoshi, na mkikimbizana na ramani mama atachoka na watoto watanuna. Chukua kipande kimoja, Lockport mpaka Rochester, basi. Hapo katikati kuna zaidi ya maili 60 hazina loki hata moja (loki ndio hicho kisima cha zege ulichokiona kwenye picha), maji yametulia na njia ya baiskeli imenyooka haina mlima, halafu vijiji vimepangana kama shanga: Medina, Albion, Brockport, Spencerport. Mtoto wa miaka 9 ataendesha hapo vizuri kabisa. Njia yenyewe sehemu nyingi sio lami, ni kokoto za kusagwa zilizoshindiliwa, kwahiyo msichukue baiskeli za matairi membamba.

Ile njia mnayoendeshea baiskeli, zamani ndio walipita nyumbu wakivuta boti kwa kamba. Nyumbu namaanisha yule mtoto wa punda na farasi, sio wa Serengeti. Waambie watoto hilo kabla hawajaanza, wataiangalia njia kwa jicho lingine.

Na kitu kimoja muhimu, upepo huku mara nyingi unatoka magharibi, kwahiyo anzeni upande wa Lockport mje mashariki usukume mgongo.

mama_wawili_utica

Naunga mkono ila mama asipandishwe baiskeli jamani na magoti hayo. Boti ya watalii pale Lockport inamtosha kabisa, inachukua kama masaa mawili, ina viti na kivuli, inaanzia chini halafu inapandishwa kwenye loki mbili, namba 34 na 35, karibu futi 50 kwa jumla, kisha inarudi. Wakati boti inapanda mnakuwa ndani kabisa ukuta huu hapa unaugusa kwa mkono. Pembeni mtaziona zile loki tano za zamani zilizopangwa kama ngazi.

Niagara msiiache, ni kama nusu saa tu kutoka Lockport kwa gari. Na mueleze mama kwamba ule mwamba ambao maji ya Niagara yanaporomokea ndio huo huo umepita mpaka Lockport, ndio maana walihitaji loki nyingi sehemu moja. Ukiviona vyote viwili siku zinazofuatana ndio unaelewa walichokuwa wanapambana nacho.

bukavu_buffalo

Jambo dada. Mimi niko Buffalo myaka nane, natoka Bukavu, nilikomalia kando ya ziwa Kivu. Huku tuko wengi tunaosema Kiswahili, Buffalo, Rochester, Syracuse na Utica, mama hatakosa mutu wa kusalimia. Kama iko Jumapili kuja kanisani kwetu, atasikia nyimbo za nyumbani.

Batoto bangu banapenda sana daraja zile zinapanda. Boti ikikuja inapiga honi, motokari zinasimama, daraja yote inapanda juu sawa na lifti. Iko 16 kati ya Lockport na Fairport. Mukae hapo na ice cream, hamuhitaji kulipa kitu.

msomaji_kimya

Mimi naongeza kidogo upande wa historia maana naona watu wanapita haraka. Wachimbaji wengi walikuwa wenyeji wa New York na wahamiaji hasa wa Ireland, na walipofika kwenye mabwawa ya Montezuma wengi waliugua homa, malaria ile ile tunayoijua sisi. Na ardhi ile kabla ilikuwa ya Haudenosaunee, wenyeji wa asili wa huko, mfereji ulileta walowezi kwa maelfu wakazidi kusukumwa. Ukisimama pale ni vizuri watoto walijue na hilo.

Halafu mkiwa Rochester nendeni makaburi ya Mount Hope, yuko Frederick Douglass, mtu aliyetoroka utumwa akaanzisha gazeti lake la North Star hapo hapo Rochester mwaka 1847. Sisi watu wa pwani tuna Bagamoyo, tuna Zanzibar, tunaijua habari ya utumwa kutoka upande wa kuondokea. Mama wa Pangani atasimama pale na mengi kichwani.

otis_254

Mimi ningesema mkodi boti ya kulala muendeshe wenyewe. Tulifanya na familia, ina vitanda na jikoni, ni spidi ya mtu anajog polepole, hakuna presha. Kwa loki unashika kamba zinaning'inia kwa ukuta, mfanyakazi wa juu anafunga geti, maji inajaa tu. Hakuna pampu, ni maji ya juu kushuka. Best holiday tumewahi kuwa nayo. Lakini nyingi wanakodisha kwa wiki so siku nne itakuwa hasara, na uliza mapema kama wanataka cheti cha kuendesha boti.

kibo_rochester

Ni kweli otis, kwa siku nne hapana. Dada nimesahau mambo mawili. Sheria ya huku mtoto chini ya miaka 12 kwenye boti ndogo lazima avae laifujaketi, na chini ya 14 kwenye baiskeli lazima helmeti, kwahiyo wako wote wawili wavae helmeti. Na baiskeli za kukodi jaribuni breki kabla hamjaondoka. Mwaka juzi sehemu moja nilipewa breki zimelegea, nikagundua kwenye mteremko wa kushuka chini ya daraja mwanangu akiwa mbele yangu. Hakuna aliyeumia ila mpaka leo nikikumbuka moyo unaenda mbio. Na bebeni maji, Julai jua ni kali na kuna vipande virefu havina mti hata mmoja.

binti_wa_pangani

Asanteni mno. Nimemsomea mume wangu hiyo ya mtaro wa Clinton, kakaa kimya kidogo halafu kaanza kutafuta hoteli ya Lockport mwenyewe.

binti_wa_pangani

MREJESHO. Tumerudi jana usiku, nimechoka ila naandika kabla sijasahau.

Siku ya kwanza Niagara, ya pili boti Lockport. Mama alikaa mbele kabisa, kanga kajifunga kichwani maana kulikuwa na upepo. Tulivyoingia loki ya kwanza mageti yakafungwa nyuma yetu, kuta zimelowa, zina ukijani wa majani ya maji na matone yanadondoka, kukawa baridi ghafla kama umeingia pangoni. Watu wote kimya. Mama akaweka kiganja ukutani. Boti ikaanza kupanda na ukuta ukawa unashuka chini ya mkono wake taratibu, alama ya vidole vyake ikabaki kwenye zege lililolowa halafu ikazama. Akaniuliza "injini iko wapi?" nikamwambia hakuna mama, ni maji ya juu yanaingia tu. Akacheka akasema "hii ni maji kujaa na kupwa, ila huku wamempa mtu ufunguo". Tuliporudi kushuka akasema maji yanakupwa, akaanza kuwaeleza wajukuu habari za bamvua, yale maji makubwa ya bahari, na jinsi babu alivyokuwa akisubiri maji yajae ndio jahazi litoke. Hizo habari mimi mwenyewe sijawahi kuzisikia.

Siku ya tatu mume na watoto waliendesha Medina mpaka Albion, mimi na mama tukawafuata kwa gari tukisubiri kila kwenye daraja. Tuliona moja ikipanda, mtoto mdogo alipiga honi ya baiskeli akidhani ndio kaiamuru. Pia baada ya Medina tulipita ile barabara inayopita CHINI ya mfereji, maji yapo juu ya kichwa, matone yanadondokea kioo cha gari, mama akasoma dua mpaka tukatokea.

Mount Hope tulikwenda asubuhi ya kuondoka. Mama hakusema kitu, alikaa kwenye nyasi pembeni kama dakika ishirini, nikamuacha.

@bukavu_buffalo hatukuwahi Jumapili, samahani sana, ila nambari uliyonitumia mama kaihifadhi na wameshaongea na mkeo. @kibo_rochester tulijaribu breki zote kama ulivyosema, baiskeli moja tukaikataa wakatupa nyingine. Mume wangu sasa anauliza boti za wiki nzima za otis zinapatikana kuanzia mwezi gani, kwahiyo otis naomba uje inbox.