Wageni wanaokuja Gombe wanaondoka wanatujua sisi au wanawajua sokwe tu?

Mwana_Kibirizi
Wakuu salaam. Hili jambo linanisumbua muda mrefu naombeni mawazo yenu. Mimi naongoza wageni hapa Kigoma, nawapokea uwanja wa ndege au stesheni, nawapeleka Kibirizi, boti mpaka Gombe, wanaona sokwe, tunarudi, kesho yake wanaondoka. Kila mahali tunaambiwa utalii unajenga urafiki wa mataifa, watu wakitembeleana chuki zinapungua. Natamani iwe hivyo maana ndo kazi yangu na naipenda sana. Ila nikiangalia ratiba ya mgeni wa kawaida sioni pale anapokutana na mtu wa hapa zaidi ya mimi, dereva na mpishi. Kule hifadhini mnavaa barakoa, hamsogei karibu, mnakaa saa moja na sokwe basi, na ni sahihi kabisa kwa sababu sokwe wanaambukizwa magonjwa yetu. Sasa mbona na vijijini ni vile vile? Boti inapita Mtanga, watoto wanapunga mikono, wageni wanapunga, picha zinapigwa, tumeshapita.

Juzi kati kuna mama wa Kijerumani aliniuliza habari za Liemba, nikamwambia hiyo meli ilijengwa kwao Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa ikaletwa kwenye masanduku, ikaunganishwa upya hapa hapa Kigoma, 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha isichukuliwe na adui, Waingereza wakaja kuiibua 1924. Yule mama alianza kuuliza maswali mfululizo, nani walibeba, wazee wa hapa wanasemaje kuhusu vita ile, kaburi za waliokufa ziko wapi. Nikatamani nimpeleke kwa mzee mmoja pale Ujiji lakini ndege yake ilikuwa inaondoka mchana ule ule.

Swali langu: kwenda nchi za watu kunaleta maelewano kweli, au kuna sharti lake? Na nyie mliotoka nje mlikutana na watu au mliona mji tu?

Mama_Mgebuka
Mwanangu hujambo. Mimi si mtalii, ni mfanyabiashara, navuka ziwa kwenda Kalemie tangu watoto wangu wadogo, zamani napeleka chumvi na sabuni narudi na vitenge, siku hizi zaidi ni dagaa na vyombo. Nikwambie ukweli, Wakongo sikuwajua kwa kuwatembelea, nimewajua kwa kudaiana nao. Ukimwachia mtu mzigo kwa mali kauli unavuka maji unarudi kwako, lazima umjue ni mtu wa namna gani, mume wake nani, anasali wapi, akikwama nani atamshika mkono. Na yeye hivyo hivyo anakuchunguza wewe.

Yule dada ninayefikia kwake alifiwa na kijana wake mimi nikiwa pale nasubiri boti. Biashara nikaweka pembeni, nikaingia jikoni na wenzangu tukasonga ugali wa muhogo wa watu wote wale, usiku tunalala chini kwenye mkeka na wafiwa. Hapo ndo nikaona wanavyozika, wanavyolia, nani anaruhusiwa kusema na nani ananyamaza. Mengine ni kama kwetu, mengine yalinishtua nikajikaza. Baadaye alipokuja kutibiwa hospitali ya Maweni hapa Kigoma alilala kwangu mpaka akapona, majirani wakamzoea wakawa wanamletea uji. Sasa mtu akija kwenye kijiwe cha wanawake hapa akianza kusema Wakongo wako hivi Wakongo wako vile, mimi namwambia taja jina, Mkongo yupi?

Hao wageni wako hawatuhitaji sisi kwa lolote mwanangu, watatujuaje? Wameshalipia kila kitu huko huko kwao, hakuna cha kumwomba mtu hata maji ya kunywa.

Isevya_TBR
Shikamoo mama, umeongea kitu kizito sana. Mimi niko Tabora naongezea upande wa historia kwa sababu huku kwetu hili jambo ni la kale. Babu zetu Wanyamwezi walikuwa wapagazi, wanabeba pembe za ndovu kwa miguu kutoka huku mpaka Bagamoyo, wanapita kwa Wagogo, wanapita kwa Wazaramo, wanalala kwa watu, wanagombana, wanapatana, na mpaka leo Mnyamwezi na Mzaramo ni watani, anaweza kuja msibani kwako akazuia jeneza mpaka apewe chochote na hakuna wa kukasirika. Huo utani haujaletwa na semina, ni njia ile ya misafara.

LAKINI wakuu tusisahau njia ile ile ndo walipita watu waliofungwa minyororo kutoka Manyema na Ujiji kwenda kuuzwa pwani. Kwa hiyo kusafiri peke yake mimi sikuamini, inategemea umeenda kutafuta nini. Mwangalie Stanley, yule mwandishi wa gazeti aliyetumwa kumtafuta mmisionari Livingstone, 1871 anamkuta hapo Ujiji, alipita nchi nyingi za huku kuliko karibu Mzungu yeyote wa zama zake, alikula na watu, aliuguzwa na watu, na miaka michache mbele anakwenda kumfanyia kazi mfalme Leopold wa Ubelgiji kumwekea vituo Kongo, na yaliyowapata watu wa Kongo baada ya pale dunia nzima inayajua. Umbali aliotembea umesaidia nini?

Alafu mlinganishe na akina Susi na Chuma, Waafrika waliomtumikia Livingstone safarini. Livingstone kafia Chitambo, Zambia ya leo, mwaka 1873, wao na wenzao wakaukausha mwili wakaubeba kwa miezi mpaka Bagamoyo, zaidi ya kilomita elfu moja na mia tano. Mwaka uliofuata Susi na Chuma wakaitwa Uingereza wakafika mazishi yameshapita, wakakaa kusaidia kueleza safari zake za mwisho ili kitabu kitoke. Hao nao ni wasafiri wa kimataifa na huwa hatuwataji.

Binti_wa_Mwanga
Isevya upo sahihi ila wapo waliofanya vizuri. Jane Goodall, yule Mwingereza mtafiti wa sokwe, alipokuja Gombe 1960 alikuja na mama yake, na yule mama aliweka kibanda cha dawa pale kambini anawatibu wavuvi na familia zao, watu wakawa wanatembea kutoka mbali kumfuata. Urafiki na wenyeji ulianzia hapo, kwenye dawa. Na 1994 taasisi yake ilipoanzisha ule mradi wa TACARE wa kutunza mazingira pamoja na wanavijiji ilikuwa baada ya kuona nje ya hifadhi milima imebaki vipara, wakaenda kwanza kuuliza wanavijiji nyie mnataka nini, wakaambiwa maji, shule, zahanati. Jane alipofariki Oktoba 2025 huku Kigoma watu walisikitika kwa dhati. Mtu aliyerudi na kurudi na kurudi tofauti na wa siku mbili.

Kasulu_Juu
Mimi naomba niseme la upande wa pili maana wote mnaongelea wanaokuja. Mgeni akitaka kuja Tanzania analipa dola 50, Mmarekani 100, anaomba kwenye simu yake amekaa kwenye kochi. Mimi nilialikwa kozi fupi Ulaya, visa ya Schengen yuro 90 hairudishwi hata ukinyimwa, taarifa za benki, barua ya mwajiri, hati ya nyumba, nauli ya kwenda Dar kuweka alama za vidole, na mwisho nikajibiwa hawajaridhika kwamba nitarudi nyumbani. Nina mke, watoto na shamba la michikichi nimelipanda mwenyewe.

Kinachoniuma sio hela. Kinachoniuma ni kwamba Mzungu mimi namjua akiwa likizo tu, ana kofia, ana furaha, anatoa bakshishi. Sijui anazikaje. Sijui mama yake akiugua nani anamuuguza. Yeye anaweza kuja akaniona nyumbani kwangu, mimi siwezi kwenda kumwona kwake, sasa hayo maelewano yatakuwa ya pande mbili kivipi??

Mwana_Kibirizi
Kasulu pole sana mkuu, na hiyo sikuwahi kuifikiria, wateja wangu wengi hawajui kabisa kwamba mlango wao umefungwa namna hiyo, nitaanza kuwaambia.

Mama shikamoo. Wiki ijayo nina wageni wanne na nimewaomba waongeze siku moja wamekubali. Naweza kuwaleta kwako mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki?

Mama_Mgebuka
Marahaba mwanangu. Walete alfajiri mitumbwi ikiingia, ila angalia kwanza mwezi, ukiwa mkubwa hawavui, mtakuta mchanga mtupu. Wasalimie kwanza kabla ya kutoa simu. Na wasivae viatu vya kuogopa maji, kuna dagaa za kuanika na nataka mikono.