Madoa ya chunusi hayaishi, nipake mkorogo?

Binti_Temeke: Habari zenu wapendwa, chunusi zimeisha ila zimeniachia madoa meusi mashavuni, shoga angu anasema nipake mkorogo kidogo tu yatatoka, kweli jamani?

Mama Salha: Usithubutu mdogo wangu! Mikorogo mingi ina zebaki na steroidi, zebaki inaua figo, steroidi (dawa kali za homoni) zinaifanya ngozi iwe nyembamba, halafu uso unakuwa mweupe vifundo vya vidole vyeusi tii.

Kaka_D: Ngozi yetu ikiumia inamwaga melanini (rangi ya ngozi) nyingi ndo doa hilo, so usitumbue chunusi na kila asubuhi paka sanskrini (krimu ya kukinga jua) SPF 30, hicho ni kipimo cha kinga yake, maana jua linayakoleza, sisi weusi pia tunaihitaji. Yanafifia ila miezi kadhaa.

Zuu: Na ndimu usoni acha kabisa, ukitoka juani inababua.