Mama apunguze uzito kwa kutembea, kwa baiskeli ya ndani au kwa kufunga?

Tumaini_K: Wakuu, habari za leo. Daktari amemwambia mama apunguze uzito, na nyumbani kila mtu ana lake. Mimi nataka kumnunulia baiskeli ya mazoezi ya ndani, dada anasema kutembea kunatosha, kaka anashikilia afunge kula kwa saa 16 kila siku. Nataka ninunue kabla mwezi haujaisha. Ipi bora?

Nesi_Mstaafu: Tumaini, tukujibu vipi? Mama ana miaka mingapi? Kilo ngapi? Anameza dawa gani? Magoti yake je? Kama anachoma insulini, kaka yako asimshindishe na njaa kabla dozi haijapangwa upya. Sukari ikimshuka usiku ataanguka, na mtu mzima akivunjika nyonga hayo ni mengine kabisa.

Mkanyaga_Umande: Atembee tu. Nina miaka 63, mwaka wa sita huu natoka kila alfajiri. Hizo baiskeli mwisho wake ni kuanikia nguo.

Bint_Saidi: Naomba niseme yaliyompata baba. Akiwa na miaka 71 aliamua kula mlo mmoja kwa siku, mazoezi hakuna. Kwa miezi minne zikaondoka kilo 14, sote tukampigia makofi. Siku moja ananawa, pete ya ndoa ikachomoka ikatumbukia kwenye beseni. Tukacheka. Wiki hiyohiyo nikamwona anataka kuinuka kwenye kochi: kashika mikono ya kochi, kajisukuma, karudi chini. Akajaribu tena, karudi chini. Mara ya tatu akaniangalia bila kusema neno, nikampa mkono. Mafuta yalikuwa yameondoka pamoja na misuli ya mapaja. Kilo nyingi zimesharudi, nguvu hazijarudi.

Nesi_Mstaafu: Pole sana, dada. Kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa 2017: wazee 160 wenye unene, wengi wao wakapunguziwa chakula. Kundi moja likafanya mazoezi ya moyo na mapafu, kama kutembea na baiskeli, jingine ya nguvu, jingine yote mawili. Uzito ulipungua karibu sawa, kama asilimia 9. Lakini mwili usio mafuta, yaani misuli na kadhalika, ulipungua asilimia 5 kwa kundi la kwanza, 2 kwa la nguvu, 3 kwa waliochanganya, na hao waliochanganya ndio uwezo wa mwili wao ulioongezeka zaidi. Kwa hiyo baiskeli peke yake haitoshi, na kutembea peke yake vilevile.

Mkanyaga_Umande: Sasa mama wa watu anyanyue vyuma?

Nesi_Mstaafu: Kuinuka kwenye kiti bila kushika popote ni zoezi la nguvu tosha kwa kuanzia.

Fundi_Takwimu: Mimi nauliza, unene umepimwaje? Mtu akizeeka kimo hupungua, BMI, yaani kilo ukigawa kwa kimo mara kimo, inapanda bila kilo hata moja kuongezeka. Apimwe kiuno.

Mkanyaga_Umande: Daktari amemwona, wewe hujamwona.

Tumaini_K: Samahani wakuu, niliruka mengi. Ana miaka 67, kilo 96, kimo mita 1.58. Goti la kulia linamuuma. Anameza vidonge vya presha na metformini ya kisukari.

Fundi_Takwimu: Hapo BMI ni 38 na ushee, ni unene kweli. Naondoa hoja.

Nesi_Mstaafu: Kila kilo moja ikipungua, goti linapunguziwa mzigo wa kama kilo nne katika kila hatua. Uzito ukishuka, dozi ya presha nayo ipitiwe upya. Protini asipunguze, ila figo zipimwe kwanza.

Jirani_Mwema: Mama mwenyewe anasemaje? Naona watoto tu ndio wanaongea.

Tumaini_K: Nimemuuliza jioni hii. Neno “mnene” linamuumiza. Anachotaka ni kupanda ngazi bila kusimama katikati. Baiskeli bado sijaamua.

Bint_Saidi: Nesi, baba sasa ana 73. Akianza na kiti, ainuke mara ngapi?

Nesi_Mstaafu: Mara tano, apumzike, tano tena. Kiti kiegemee ukuta, nawe simama karibu.