Ulinganisho: nani agharamie maeneo ya biashara yanayozunguka chuo?

Mpangaji wa Sinza (mwanzisha mada)

Wadau, salaam. Nimekuwa nikifuatilia jinsi miji ya vyuo vikuu nchini Marekani inavyoendeleza maeneo yake ya biashara, nikitaka kuona lipi lingetufaa sisi wa Ubungo, Savei, Sinza na Mwenge, tunaokizunguka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Shida yao kubwa ni kwamba chuo ndicho kinacholeta wateja, lakini sehemu kubwa ya ardhi yake hailipi kodi ya majengo, hivyo mji unabaki na watu wengi wa kuhudumia na mapato machache. Nimeona njia tatu.

Ann Arbor, kilipo Chuo Kikuu cha Michigan, wana mamlaka ya kuendeleza katikati ya mji tangu 1982. Thamani ya majengo huchukuliwa kuwa kianzio, na kodi inayotokana na thamani kupanda juu ya kianzio hicho hurudi kutengeneza barabara za miguu na taa za eneo hilohilo. Mamlaka hiyo pia huendesha maegesho ya umma kwa makubaliano na jiji.

Ithaca, New York, mji wa Chuo Kikuu cha Cornell, wenye majengo ya katikati ya mji hulipa tozo ya ziada inayosimamiwa na chombo chao wenyewe, ambacho kazi yake ni usafi, matamasha na kutafutia wapangaji fremu zilizo wazi. Mtindo huu ulianzia Toronto, Kanada, mwaka 1970.

Njia ya tatu ni chuo kuchangia kwa hiari. Mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Yale kilikubali kuupa mji wa New Haven takribani dola milioni 135 kwa miaka sita, na mwaka 2023 Cornell ilipandisha mchango wake kwa Ithaca hadi dola milioni 4 kwa mwaka.

Mimi naegemea ya Ann Arbor. Mnaonaje?

Afisa Mstaafu

Mkuu, umeeleza vizuri, lakini njia unayoipenda kwetu inafia mlangoni. Kodi yetu ya majengo haifuati thamani. Tangu 2021 inakatwa kwenye umeme wa LUKU kwa kiwango maalumu, na kwa viwango vya 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 7,500 kwa kila sakafu ya ghorofa. Pango la fremu likipanda kutoka laki moja hadi laki tatu kwa sababu mtaa umewekewa taa, kodi ya jengo haiongezeki hata senti. Kianzio kipo, ongezeko halipo. Tena ada za maegesho, ambazo wenzetu wanazitegemea sana, zinakusanywa na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini.

Kama ni lazima tutafute ongezeko, tulitafute kwenye ushuru wa huduma, kwa kuwa huo hutozwa kwa asilimia ya mauzo na unaingia halmashauri. Hata hapo kuna kikwazo: Mlimani, kilipo chuo, na Sinza ziko Manispaa ya Ubungo, Mwenge iko Kinondoni, na sijawahi kuona halmashauri mbili zikipika chungu kimoja.

Mhadhiri Msaidizi

Niongeze kuhusu njia ya tatu. Tukikilinganisha chuo chetu na Yale, yenye akiba ya zaidi ya dola bilioni 40, tutakionea bure. Hata hivyo, yapo wanayofanana. Yale inamiliki maduka mitaa ya Broadway na Chapel, na maduka hayo hulipa kodi kama ya mtu mwingine yeyote. Huku kwetu Mlimani City, iliyofunguliwa 2006, imejengwa na mwekezaji kutoka Botswana kwenye ardhi ya chuo kwa mkataba wa upangishaji. Kwa hiyo tusimwendee mhisani. Tunazungumza na mwenye ardhi ambaye ana maslahi ya moja kwa moja katika hali ya barabara iliyo nje ya uzio wake.

Mama Steshenari

Naomba nizungumze kama mpangaji wa Savei. Mnaposema tozo ilipwe na mwenye jengo, mnazungumzia karatasi. Nikinunua umeme wa elfu kumi mwanzoni mwa mwezi, risiti inaonyesha makato ya jengo kabla sijaona uniti. Naambiwa deni hilo ni la mwenye nyumba na kwamba nina haki ya kulipunguza kwenye kodi ya pango. Nilipomkumbusha, alicheka.

Jingine ni msimu. Bumu (fedha za kujikimu za wanafunzi) likitoka, natoa kopi hadi saa nne usiku; likizo ndefu ikianza, siku nyingine nauza kalamu mbili. Tozo iliyo sawa mwaka mzima haijui likizo.

Mpangaji wa Sinza

Dada, nimekuelewa, na kwa hoja ya Mzee naiondoa Ann Arbor mezani. Je, tukianza kidogo, safu moja ya maduka, wapangaji na wenye fremu wakae kwenye chombo kimoja na kuchanga kulingana na msimu?

Mama Steshenari

Tulijaribu, kaka. Mwaka juzi watu kumi na wawili tulichanga elfu ishirini kila mmoja tukafunga taa za sola mbele ya safu yetu, kwa kuwa wanafunzi waliogopa kupita usiku. Wateja wakaongezeka kweli. Mkataba ulipokwisha, mwenye fremu akapandisha kodi, na sababu aliyotoa ni kwamba eneo limechangamka. Mzee hapo juu anasema ongezeko halipo. Lipo, ila liliingia mfukoni mwake.

Baada ya hapo hakuna aliyekubali kuchanga tena. Mfereji wa mbele tunauvuka kwa mbao tatu, moja imeoza, na wiki iliyopita kijana aliyetoka kubaindi tasnifu yake aliteleza, nakala mbili zikaloa. Kwa hiyo mkiandika katiba ya chombo hicho, kifungu cha kwanza kiseme kodi ya fremu haitapanda kwa miaka mingapi baada ya sisi kuchanga, na mwenye jengo atie saini yeye mwenyewe, si dalali wake.