MREJESHO: Pedi za magoti za kuchomelea

Wakuu, niliuliza hapa pedi gani za magoti zitamfaa fundi anayechomelea mageti na magrili sakafuni, maana zile za sponji za mafundi vigae zilikuwa zinatobolewa na cheche. Asanteni sana kwa majibu.

Nimefuata ushauri wa ngozi. Fundi viatu amenishonea ngozi nene ya ng'ombe, ndani nikaweka vipande vya mkeka wa mazoezi badala ya sponji ya godoro, ambayo ikilaliwa kidogo tu inakuwa bapa. Cheche za grainda zinadunda na kuacha vidoa vyeusi, basi. Goti haliumi tena jioni, na hilo ndilo nililokuwa nalitafuta.

Mikanda ndiyo iliyonisumbua. Ile ya kunata ilijaa vumbi la chuma, kisha cheche zikaiyeyusha, pedi ikawa inashuka hadi kwenye muundi. Sasa natumia mikanda ya ngozi yenye kufungwa kwa chuma, mmoja juu ya goti na mmoja chini. Ule wa katikati nimeutoa, ulikuwa unakata nyuma ya goti nikichuchumaa.

Aliyesema nikalie kigoda, karakanani kinafaa kweli, ila kwa mteja nikifunga grili la ngazi hakiwekeki.

Joto bado lipo, ngozi inatoa jasho balaa. Na ukipiga goti juu ya bati lililotoka kukatwa sasa hivi, hata ukiwa na ngozi utausikia moto tu.