Mrejesho: zile seli zenye matundu kwenye tezi ya Harder

Wakuu, niliuliza kwa nini seli za tezi ya Harder, ile iliyo nyuma ya jicho la panya pori, zinaonekana zimejaa matundu meupe kwenye hadubini. Ushauri wenu wa kukata tishu iliyogandishwa, badala ya kuipitisha kwenye zailini (kiyeyusho) na parafini (nta ya kushikilia tishu), umefanya kazi. Nilipotia rangi nyeusi ya Sudani, ile inayoshika mafuta, yale matundu yakaonekana yamejaa vitone vyeusi tii. Kumbe ni mafuta, zailini ilikuwa inayayeyusha yote! Na ule uchafu wa kahawia niliouona katikati ya vijirija (mirija midogo ya tezi) ni pofirini, aina ya rangi asilia ya mwili: ukimulikwa kwa mwanga wa urujuanimno unang'aa rangi nyekundu, unapendeza mno. Asanteni sana. Sasa nazisaka seli bapa za mayoepithelia, zile zinazojikaza kama misuli na kukamua tezi; mnazionyeshaje?