John Le Mesurier: je, ni Sajini Wilson tu?

Swali: Ndugu zangu, John Le Mesurier, mwigizaji wa Uingereza aliyezaliwa Bedford mwaka 1912, alionekana katika filamu nyingi mno, mbona wengi humtaja kwa Sajini Wilson pekee?

Jibu: Wilson ni mhusika aliyemwigiza katika Dad's Army, mfululizo wa vichekesho wa televisheni uliorushwa na BBC kuanzia 1968 hadi 1977, na watazamaji walimpenda Wilson alipokuwa akimuuliza Kapteni Mainwaring, kwa sauti ya upole iliyomkatisha tamaa mkubwa wake, iwapo amri aliyotoa ni ya busara.

Jibu: Kwangu mimi, kazi yake bora ni Traitor, tamthilia ya televisheni ya 1971, iliyompatia BAFTA, tuzo ya Uingereza ya filamu na televisheni, kwani upole uleule unageuka kuwa majonzi ya jasusi mlevi aliyekimbilia Moscow. Itafute, ndugu.

Jibu: Naafiki kabisa. Tena Le Mesurier mwenyewe alianzia ukarani katika ofisi ya mawakili.